Nani Atamwambia Mjomba

Benchi liko mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu na birika la kahawa ni langu, kwa hiyo nina haki ya kuwasema wanaolikalia. Wenyeji ni wawili. Kioo ni dereva mstaafu. Miaka thelathini ameendesha mabosi, na yote anayoyajua kuhusu uongozi aliyaona kwenye kioo cha kati cha gari. Semina aliwahi kupanga viti kwenye semina ya mameneja, siku tatu, akasikiliza mlangoni, na tangu hapo hanyamazi. Mchana ule akaja Msimamizi, fundi wa karakana ya sare za shule ng'ambo ya barabara, aliyepewa cheo mwezi uliopita. Mjomba wake, yule yule aliyemfundisha kushika mkasi, sasa anashona chini yake, na macho yake yamechoka: mikono ya mashati anaipachika nyuma mbele. Msimamizi anaona haya kumwambia. Wenzake wakienda kula, yeye anabaki kufumua na kushona upya. Mwenye karakana amegundua, akasema: kabla ya saa kumi leo mjomba awe ameambiwa, la sivyo waondoke wote wawili.

— Sasa naanzaje? aliuliza Msimamizi. Mtu huyu amenilea.

— Huanzi, alisema Kioo. Bosi hasemi, bosi anakohoa. Bosi wangu wa kwanza alikohoa mara moja tu, mhasibu akaacha kazi.

— Labda alikuwa na kifua, nilisema.

— Wewe gonga misumari yako.

— Tatizo lake anaingia kazini mikono mitupu, alisema Semina. Na wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Shika faili, bwana. Faili jeusi.

— La nini?

— La kushika. Ndani weka hata gazeti. Meneja asiye na faili ni mpita njia.

— Na utembee taratibu, alidakia Kioo. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Ukifika kwa mjomba simama nyuma yake robo saa, usiseme neno.

— Ataniuliza kama naumwa.

— Ndiyo hapo unakohoa.

Niliinamia kiatu nisije nikatukana. Mtu mzima anakuja kutafuta moyo wa kufanya kazi yake, anapewa kikohozi.

— Hayo ya zamani, alisema Semina. Kwenye semina tuliambiwa...

— Uliambiwa upange viti, alisema Kioo.

— Tuliambiwa meneja wa kisasa hamkosoi mtu. Bandika tangazo ukutani: imeonekana kuna mashati ambayo mikono yake haijulikani inakwenda wapi. Jina usitaje.

— Mjomba hataliona, alisema Msimamizi. Si ndiyo shida yenyewe?

— Basi mkaripie mwingine, yeye asikie. Chagua mpole asiye na kosa. Samaki mkunje angali mbichi.

— Mjomba ana miaka sitini na minne.

— Ndiyo maana nasema umkunje mwingine.

Kioo akaona anapitwa.

— Mimi ningemwacha mjomba na shati lake, alisema. Meneja mkubwa habadilishi mtu, anabadilisha kanuni. Mwambie mwenye karakana mwaka huu wanafunzi watavaa hivyo hivyo, mikono nyuma. Wazazi watazoea.

— Nyinyi hamjawahi kusimamia hata kuku, nilisema.

— Na wewe je?

Nikagonga msumari.

Kwenye kigoda changu alikuwa amekaa mama mmoja, mguu mmoja peku, akingoja kisigino. Hatukuwa tunamfahamu.

— Samahani, kaka zangu, alisema. Mjomba mwenyewe anajua kwamba mashati yake yanafumuliwa?

Msimamizi alikizungusha kikombe.

— Hajui. Juzi alinishika bega, akaniambia macho yake yanapona, maana tangu nipewe usimamizi hajarudishiwa shati hata moja. Alikuwa na furaha, dada yangu. Ameacha kwenda hospitali.

Hilo hakuwa ametuambia. Nilisikia aibu, kwa sababu mimi nami nilikuwa nimeona kufumua kule ni wema.

— Na siku akipofuka, aliuliza yule mama, nani kati yenu atakwenda kumwambia kwamba mlikuwa mnajua?

Aliuliza polepole kabisa, akitutazama mmoja mmoja. Kioo aligeukia barabara. Mimi nilikitazama kisigino cha watu.

Msimamizi alikiweka kikombe chini, akavuka. Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Tulimwona akivuta kiti, akakaa karibu na mjomba wake, akalichukua shati mikononi mwake. Mjomba aliondoa mguu kwenye cherehani, akamgeukia. Kwa muda mrefu hakuna aliyeshona mle ndani.

Semina alininyooshea kikombe. Nilimwambia kahawa imekwisha. Ilikuwapo nusu birika.