Wasifu wa Dada Yetu, Mlinzi wa Jicho la Kulia

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshonaji, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la baba. Wadogo zake tulimwita Darubini, maana alimshika mtu kidevu na kumtazama machoni kabla hata ya kumwamkia.

Alianza shule mwaka 1969. Jioni baba alimkalisha mezani kwake, akamfundisha kuinua kioo cha saa. "Taratibu, mwanangu. Kioo hakina samahani." Neno hilo alikwenda nalo hadi chuo cha udaktari, alikohitimu mwaka 1988, kisha akabobea katika macho ya watoto.

Mwaka 1990 aliolewa na mwalimu wa hesabu. Siku ya harusi alisimamisha foleni ya pongezi ili akague jicho la mtoto wa jirani. Shemeji akasema, "Jamani, nimeoa kliniki."

Katika kazi yake tutaje siku moja. Mwezi Machi 2021 mama mmoja alimleta binti yake wa miaka saba. Jicho la kushoto lilikuwa limeshapasuka, na kilicholipasua ni kiwiko cha kaka yake tu, wakicheza. La kulia nalo lilikuwa linafifia. Muuguzi alikuwa ameshatia dawa ya ganzi na kunyanyua kifaa cha kupima presha, kile kinachogusa jicho.

"Rudisha mkono," dada alisema kwa sauti ya chini. "Usiliguse."

Alisimama nyuma ya mtoto. "Tazama vidole vyako vya miguu, bibie." Kutoka juu aliona jicho limetuna, linasukuma kope la chini. Weupe wake ulikuwa na samawati, ambayo nyumbani waliisifu kuwa uzuri. Akakunja kidole gumba cha mtoto. Kikalala juu ya mkono bila maumivu. Ulikuwa ugonjwa adimu wa kuzaliwa nao, unaolegeza viungo na kudhoofisha macho: konea, kioo cha mbele ya jicho, nyembamba kama ganda la kitunguu. Kugongwa kidogo tu, na jicho hilo nalo lingepasuka.

"Sasa daktari, nimfungie kabatini?" mama aliuliza.

"Atajigonga na mlango wa kabati, mama wee. Avae miwani ngumu kutwa, na usiku tumfunge kikinga cha jicho."

Madukani hakupata ya kumfaa. Akaja kwenye karakana ya mdogo wake, mchomelea vyuma, ndiye anayesoma haya, akachukua miwani ya plastiki ya kusagia vyuma. Hakuomba. Alikata mkanda mpaka ikamkaa mtoto.

Agosti 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Tarehe 2 Februari mwaka huu mama yule alipiga simu: binti ameanguka shuleni, wako njiani kwenda hospitali. Kisha simu yake ikawa haipatikani. Kila aliyeingia chumbani dada alimwuliza, "Jicho lipo?" Tukaipiga tena ile simu. Alifariki alfajiri ya tarehe 3, bado anasubiri.

Ameacha mama mzazi, mume, watoto wawili, mjukuu mmoja na wadogo watatu. Ameacha pia binti yule, aliyekaa safu ya pili pamoja na mama yake. Miwani yake ina mkwaruzo mpya, mrefu, upande wa kulia. Mkwaruzo umeishia kwenye plastiki.

Jicho lipo, dada. Sasa pumzika kwa amani.