Sahani ya Kifudifudi

Sogeeni karibu, wanangu. Danang, zima hiyo simu ukae hapa mkekani; nawe Yuli, mkwe wangu, niinulie mto kidogo, maana pumzi nilizobaki nazo ni za kuazima na nina maneno nisiyotaka kuzikwa nayo.

Nyumba ni yenu, sina ubishi. Yuli, chukua kinu changu cha jiwe na lile sufuria la kupikia fenesi, wala usilisugue mpaka ling'ae, weusi wake ndio utamu. Kantini ya chuo iendesheni pamoja. Lakini uenyekiti wa chama chetu cha wapishi wa vyuo vikuu, Danang, chama nilichokiongoza tangu hujaota ndevu, sikupi. Usinikatize! Nimesikia umekwisha kuwapigia wanachama wa Solo na Semarang ukiwaambia, "Mama ameniachia mimi." Mama hajafa, baba.

Kanuni yetu ya kwanza mnaijua: kila kantini ya mwanachama huweka sahani moja kifudifudi mwisho wa kaunta, na mwanafunzi asiye na kitu huipindua akapakuliwa wali na tempe, ile soya ya kuchachusha, kama wenzake, asiulizwe jina, wala aliyemwona asimtaje kwa mtu, hata kwa mzazi wake. Mimi ndiye niliyeipigania, kwenye mkutano wa Magelang, wanaume wakinicheka, "Bi Wagiyem anataka kufuga wavivu!" Nikashinda. Sikujua ninajichimbia shimo.

Dada yako Kinasih aligombana nami kwa sababu ya uchoraji wake, akaenda zake Malang kusoma, akaapa hataki hata punje ya mchele kutoka kwangu. Nilimtafuta, Mungu ananiona. Namba alibadilisha, chumba alihama. Na muda wote huo alikuwa akipindua sahani kwenye kantini ya Surtinah, rafiki yangu wa ujana, aliyemjua mtoto huyo tangu nikimbeba mgongoni, na ambaye kila mkutano alikaa kando yangu, akala pilipili yangu, asiseme neno. Alinipigia siku homa ya dengi ilipomwangusha mtoto. Nilifika amekwisha kufunikwa.

Nilimwambia palepale makaburini, "Ulijua alipo, ukanyamaza?" Akanijibu huku analia, "Dada, kanuni uliiweka wewe." Sheria ni msumeno, wanangu, na siku ile ulinikata mimi. Tangu hapo hajaja mkutanoni, nami sijamwita. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Danang, najua unautaka uenyekiti ili majina yaulizwe na wazazi waambiwe. Uchungu wa kumpoteza dada yako ndio unaosema, nami siku nyingi nimetamani hivyohivyo. Lakini Kinasih angeulizwa jina angeondoka. Namjua, ukaidi ule ni wangu. Angelala njaa.

Kwa hiyo sikiliza. Kwenye mkutano simama wewe, mwanangu, kwa kinywa chako, umtaje Surtinah awe mwenyekiti. Sote tuliishika kanuni ilipokuwa rahisi; yeye aliishika ilipomchoma. Sijamsamehe. Nimejaribu, moyo umekataa. Mpeni hivyo hivyo.

Siku ya tatu, kwenye dua yangu, apike yeye. Na mwisho wa mkeka wekeni sahani moja kifudifudi. Atakayeipindua mpakulieni, msimtazame usoni.

Yuli... maji. Basi, yatosha.

Mungu awape riziki na watu wa kula nao. Danang, usilie, nipe mkono. Mwanangu hakufa na njaa... hilo ndilo ninalolishika. Surtinah akija, mwulizeni... Kinasih alikuwa akipenda kuongezewa nini... alikuwa akicheka...

Hapana. Msimwulize.