Mtihani Urudi Milimani: Risala ya Watunza Ngozi wa Cerro Hondo

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Maribel Otaño, Mwenyekiti wa Jopo la Leseni za Utunzaji Ngozi: tangu ulipoketi umetazama kuta, umetazama simu, umetazama keki. Sisi hujatutazama. Wala hatushangai. Ofisi yako imetupa kisogo muda mrefu, ndiyo maana leo tumekuweka kiti cha mbele, mchana kweupe, upande usio na dirisha.

KARIBU

Karibu Cerro Hondo. Zile kona ulizopanda ukishika tumbo ndizo tunazoteremka sisi kila tunapokwenda ofisini kwako San Juan kukutafuta, tukaambiwa umetoka. Wali wa mbaazi upo na nguruwe wa kubanika yupo. Utakula ushibe, hatuna ugomvi na tumbo la mtu.

TULIKOTOKA

Ukumbi huu ulikuwa chumba cha kulia cha kiwanda cha sidiria. Mama zetu walishona hapa mpaka macho yakaingia ukungu, kisha wenye kiwanda wakahama bila kuaga. Akaja mgeni rasmi wa kwanza, akasema kiwanda kingine kiko njiani. Tukapiga makofi. Baada ya kimbunga akaja mwingine kwa helikopta, akagawa maturubai, akasema hakuna atakayesahauliwa. Tukapiga makofi. Wa tatu ni yule aliyekutangulia kwenye kiti chako. Alisimama hapohapo, tai yake ya kijani, akatamka kwamba mtihani wa leseni utafanyika hukuhuku milimani kila mwaka. Ulifanyika mara moja tu. Sisi hatusahau, Mheshimiwa. Makofi tuliyopiga bure tunayakumbuka kuliko hata maneno yenyewe.

Darasa alilianzisha Mwalimu Wilda Maysonet, aliyefanya kazi ya ngozi New York hadi akachoka na baridi. Alirudi na vitanda viwili na mashine ya kufukiza uso, akatukuta tumekaa barazani tukisubiri nauli ya kuondoka. Wengi wa rika letu wameshahamia Orlando, ng'ambo ya bahari. Nyumba zao zimefungwa, na mbwa wao tunawalisha sisi.

TULIYOYAFANYA

Tumesoma. Tumekariri matabaka ya ngozi tukimenya ndizi na tukianika nguo. Mwalimu anauliza, "Tabaka la juu kabisa lina nini?" Ivelisse, aliyekaa nyuma, anadakia, "Seli zilizokufa, Mwalimu, zinasubiri kudondoka. Kama mume wangu kwenye kochi." Tunacheka, lakini jibu linakaa kichwani.

Mikono yetu imejifunza kwamba kijiti kikishagusa ngozi hakirudi kwenye nta ya kung'olea nywele. Imejifunza kuukanda uso bila kuuvuta, na kupima joto la taulo kabla halijamfikia mtu. Na kwa kuwa mtihani wenu unamtaka kila mtahiniwa aje na mtu wake wa kulaza kitandani, wazee wa hapa wametuazima nyuso zao. Wanakuja bila poda, wanafumba macho, wanatuachia. Ukimwambia bibi wa miaka themanini, "Tulia, nyanya, usiongee," naye akatulia kweli, ujue amekupa kitu kikubwa.

YANAYOTUUMA

Tutakueleza la mmoja wetu, kwa sababu ndilo letu sote.

Nydia Quirindongo, huyu aliyevaa nyeupe, alifanya mtihani ule wa mara moja humu ndani. Uso alioazimwa ulikuwa wa shangazi yake aliyemlea, Shangazi Monsa. Alisafisha, akafukiza, akakanda, akapaka barakoa na kuitoa kwa taulo za moto bila kudondosha tone shingoni. Mtahini alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, bibie."

Shangazi akafumbua macho. Mheshimiwa, wewe ni mtu wa kisiwa hiki, unajua mtoto wa hapa hawezi kukutana na macho ya mkubwa wake asiombe baraka. Nydia alianza kuomba baraka kabla hajaota meno. Basi akainama, akambusu shangazi yake kwenye paji la uso lililokwisha kusafishwa.

"Baraka, shangazi."

"Mungu akubariki, mwanangu. Mikono yako mizuri, nimelala usingizi!"

"Simama hapo!" mtahini akasema. "Ngozi iliyokwisha kuhudumiwa imeguswa kwa mdomo. Umeanguka."

"Kaanguka wapi?" Shangazi Monsa akainuka na taulo kichwani. "Huyo ni mtoto wangu!"

"Huyo ni mtahiniwa, mama. Na wewe ni mteja."

"Mteja! Nimemuogesha huyu kwenye beseni!"

Usituelewe vibaya. Hatujaja kutetea busu. Kanuni ya usafi ni kanuni, sisi wenyewe tunaifundisha, na Nydia alikubali siku ileile. Kinachotuuma ni kwamba alipaswa kurudia, na Jopo halikupanda tena mlimani. Mlimwambia aje San Juan. Shangazi hawezi zile kona, kifua chake kinabana kabla ya daraja la kwanza. Karani wenu akajibu kwenye simu, "Si achukue uso wowote wa mjini?" Uso wowote! Kana kwamba nyuso zinaning'inizwa dukani kama ndoo.

Tangu hapo Nydia anafanya mazoezi humu kila Jumamosi. Akimaliza, anarudi nyuma hatua moja, mikono mgongoni, na sisi tunamtania, "Nydia, midomo!" Naye hacheki. Anatoka, anavua aproni, anazunguka nje ya jengo, anaingia kwa mlango mwingine, ndipo anaomba baraka yake. Na Shangazi Monsa anakuwa bado amelala palepale, amefumba macho, anaisubiri. Tumemwona anavyoisikiliza ile miguu ikizunguka nje. Ukitaka kujua sisi tunaishije kwenye milima hii, ndivyo hivyo.

Nydia ameshapaka rangi chumba cha mbele cha nyumba yao. Kitanda kipo. Kibao cha jina lake kimetundikwa juu ya mlango na kufunikwa shuka, maana bila leseni kukifunua ni kosa. Binti wa Shangazi aliyeko Orlando atakuja kumchukua mama yake baada ya sikukuu ya Wafalme Watatu, mapema Januari. Shangazi amemjibu kwa simu mbele yetu, "Shuka ile ikitoka, sikanyagi ndege. Nitakaa nimfungulie wateja mlango. Isipotoka, njoo unichukue, maana mtoto naye atakwenda kufagia mahoteli, na mimi sitabaki kuongea na kuku." Wanaotoka hapa kwa umri ule tunawapokea tena wakiwa wamelala kwenye sanduku.

TUNACHOTAKA

Wenzetu waliotangulia kusoma risala humu waliomba. Sisi hatukuombi barabara, wala paa, wala ahadi. Kanuni zenu tumezisoma wenyewe, bila wakili, tukibishana neno kwa neno. Zinasema mwenyekiti anaweza kufungua kikao cha mtihani mahali popote penye maji ya moto, mwanga wa kutosha na watahini wawili.

Maji yanachemka jikoni. Taa zote zinawaka. Watahini wawili umekuja nao mwenyewe, wameketi kushoto kwako, na mmoja wao ameshaanza kula. Nydia amenawa mikono. Kitanda kiko nyuma ya lile pazia, na Shangazi Monsa amekwisha kulala juu yake, uso mtupu, tangu ulipokuwa ukishuka garini.

Tunakutakia afya wewe na wa nyumbani kwako, na safari isiyo na ukungu utakaporudi. Lakini utarudi baadaye. Weka hiyo sahani chini, Mheshimiwa. Simama, tamka kwamba kikao kimefunguliwa, na pazia lile livute kwa mkono wako. Sasa.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Ngozi la Cerro Hondo, pamoja na wazee waliotuazima nyuso zao.