Kopo la Pili la Babu wa Mashine

Leo ni Jumatatu, tarehe 9 Juni. Jumamosi hii, tarehe 14, Babu wa Mashine anastaafu baada ya kuonyesha filamu katika sinema yetu kwa miaka thelathini na tisa. Mama Tiketi aliniomba mimi, mjukuu wa Babu, niandike wasifu wa kubandikwa kwenye ubao wa wafanyakazi, kwa kuwa jioni zangu nyingi nazimalizia katika chumba cha mashine nikifanya kazi za shule. Aliniambia, "Andika mazuri tu, mwanangu." Nimeahidi kuandika yote. Nitaanza na mazuri, maana yapo mengi.

Babu alianza kazi kama mbandika mabango. Bibi husema siku aliyokuja kumposa, kikombe cha chai kilimganda mkononi kwa gundi, wazee wakadhani ni bwana mmoja mwenye kiu sana. Baadaye akapandishwa juu, kwenye mashine, na hakushuka tena. Mkanda ukikatika, watu hawakuwahi kumaliza kupiga miluzi kabla Babu hajauunga. Kiungo chake hukioni hata ukikitafuta kwa kidole.

Umeme ukikatika ndipo Babu anapopendwa zaidi. Hufungua kidirisha kilicho juu ya ukumbi na kuendeleza filamu kwa mdomo, gizani, kwa sauti za akina mama, za milango na za mbwa. "Babu, bwana harusi bado yuko juu ya mti?" watu huuliza. "Yuko, na suruali imeshachanika!" Umeme ukirudi, wapo wanaouzomea.

Sasa nakuja kwa yale ambayo Mama Tiketi hakuyataka.

Mwaka juzi ililetwa filamu ya Masizi. Ni hadithi ya mwokota vyuma mwenye kovu la moto usoni, ambaye mtaa unamtenga mpaka anaharibika. Mwisho wake unatisha. Anaitia moto nyumba ya jirani huku wenyewe wakiwa ndani, kisha anasimama kuitazama akimenya chungwa taratibu, kama alivyokuwa akimmenyea mkewe mwanzoni.

Filamu ilikuja katika makopo matano, kila kopo na kipande chake cha mkanda. Katika kopo la pili ndimo anamotengwa. Anasingiziwa kumwiba mtoto, mtoto anakutwa kwa shangazi yake, na hakuna anayeomba radhi. Mkewe anaugua, zahanati inamkataa, anafia kwenye benchi la nje. Bwana Meneja aliona filamu ni ndefu mno, haiwezi kuonyeshwa mara mbili kwa jioni moja. Akamwambia Babu, "Ruka kopo la pili. Humo wanalia tu. Mbaya awe mbaya, watu warudi makwao." Babu alibisha, akaulizwa kama mashine ni ya baba yake. Basi akaunga mwisho wa kopo la kwanza na mwanzo wa kopo la tatu.

Kiungo kile kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya. Hakuna aliyeshtuka. Masizi anammenyea mkewe chungwa, na papo hapo anampiga mzee kipofu na kumpora mkoba. Ukumbi mzima ukapiga kelele, "Mnyama huyo! Muueni!"

Nje ya mlango alikuwa amesimama Kaka Mfagizi, akisubiri watu watoke apate kufagia. Ana kovu shavuni, kwa sababu alimwagikiwa maji ya moto akiwa mtoto. Mtu mmoja akasema, "Ehee, Masizi mwenyewe huyu! Shikeni watoto!" Wakacheka. Jina likamganda.

Wengi wenu mnaosoma ubao huu mnamkumbuka Kaka Mfagizi wa zamani. Ndiye aliyekuwa akiiga mwendo wa kila mmoja wetu, ufagio ukiwa mwenzake wa kucheza. Sasa huingia kwa mlango wa nyuma. Muuza duka anamsukumia sabuni juu ya kaunta asije akamgusa mkono. Watoto wanamtupia maganda ya machungwa. Hata baadhi yenu mnamwita Masizi mbele ya watazamaji, halafu mnasema, "Utani tu, jamani." Ni utani gani ambao mwenye kutaniwa hacheki?

Mwezi uliopita alimpiga kofi mvulana aliyemtupia ganda usoni, na mvulana akaanguka. Niliona kwa macho yangu. Halikuwa jambo zuri, na sitalipamba. Lakini niliwasikia watu wazima wakisema kwa furaha, "Mnaona? Si tulisema?" Mmemsukuma mtu miaka miwili, ameanguka, na mnashangilia kwamba mlijua ataanguka!

Jumapili iliyofuata, Masizi alionyeshwa tena, maana anajaza ukumbi. Umeme ukakatika palepale penye kiungo. Babu akafungua kidirisha chake, lakini safari hii hakuiga sauti yoyote. Alisema, "Kuna kitu nimewaficha," akawasimulia kopo la pili lote, mpaka lile benchi la nje ya zahanati. Mwanamke mmoja akauliza gizani, "Na hakuna hata mmoja aliyemwambia pole?"

"Hakuna, mama," Babu akajibu.

Kaka Mfagizi alikuwa ameegemea mlango. Umeme uliporudi, mtu asiyemfahamu alimsogezea kiti, naye akakaa. Siku hiyo Masizi alipochoma nyumba, hakuna aliyetaka auawe. Watu walipotoka, wawili wakamwambia Kaka Mfagizi, "Usiku mwema, ndugu yangu."

Bwana Meneja alipanda ngazi mbio. "Kazi yako ni kuwasha mashine, mzee, si kuhubiri!" Wiki hiyohiyo akanunua jenereta. Babu alikuwa ameiomba jenereta hiyo tangu kabla sijazaliwa, akiambiwa hakuna uwezo.

Sasa tumetangaziwa kwamba Jumamosi, kwa heshima ya Babu, itaonyeshwa filamu ya Masizi, na Babu atapewa saa ya ukutani. Babu ana saa. Alipoulizwa anataka nini, alisema anataka akitengue kile kiungo na kuonyesha makopo yote matano, Kaka Mfagizi akiwa amekaa kiti cha mbele. Akajibiwa, "Tutaona, Babu." Ninaijua hiyo "tutaona". Ndilo jibu ninalopewa ninapoomba kitu ambacho wakubwa wameshakikataa.

Jana Babu aliacha chakula nusu. Aliniambia, "Mjukuu wangu, nimeunga mikanda maisha yangu yote, na kilichodhuru watu ni kiungo ambacho hakuna aliyekiona."

Kopo la pili bado lipo kwenye rafu. Nimelifuta vumbi. Mkanda wake haujaharibika, na mikono ya Babu bado haitetemeki. Kwa hiyo sijakata tamaa.

Babu, ahsante kwa giza ulilolijaza sauti. Tunakuombea usingizi wa kutosha, chai isiyopoa juu ya mashine, na kinyozi asiyekuuliza filamu iliishaje.

Na wewe Bwana Meneja, shikamoo. Mama Tiketi atakusomea karatasi hii kabla hajaibandika, nami nimekaa hapa kwenye ngazi nikisubiri aniletee jibu lako: Jumamosi, kopo la pili litaonyeshwa au halitaonyeshwa?