Kaseti Thelathini na Moja za Xavery Hhando

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu, majirani wa Dirma, na nyinyi mliotoka Endagikot kwa gari kukiwa na giza bado, wakubwa wote shikamooni. Kazi ya kusoma historia hii familia imempa Nicodemo Hhando, mdogo wa marehemu, katekista mstaafu, na kwa kuwa baadhi ya mambo yaliyoandikwa humu yanamhusu yeye na hayampambi hata kidogo, anaomba mumvumilie asome mpaka mwisho.

Marehemu Xavery Hhando Qamara alizaliwa Endagikot, wilaya ya Mbulu, tarehe 3 Machi 1946, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Hhando Qamara na Mama Fransiska, akabatizwa mwezi huo huo, na mama yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alimsumbua kumlaza, maana kila kilicholia, iwe mbwa, iwe mvua, iwe mlango wa jirani, lazima kwanza ajue ni nini. Alianza shule hapo hapo Endagikot mwaka 1955, akamaliza darasa la nane mwaka 1962, na katikati ya miaka hiyo alitolewa kwenye kwaya ya shule, si kwa sauti mbaya, bali kwa sababu alinyamaza katikati ya wimbo ili awasikilize wenzake, tabia ambayo hakuiacha mpaka uzee.

Baada ya kulima na baba kwa miaka kadhaa, alijifunza udereva na ufundi mjini Arusha mwaka 1971, na tarehe 4 Juni 1973 akaajiriwa katika shamba la ngano la serikali, huku tambarare za Hanang, kwanza dereva wa trekta, kisha dereva wa kombaini, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na mitatu. Jamani, ile kambi ya wafanyakazi! Wanaoikumbuka wanajua kwamba jioni moja tu ungesikia magitaa ya Kikongo kwenye redio ya Mzee Tomaso, ngoma ya Wanyaturu nyuma ya karakana, vijana wa Kidatoga wakiruka na kuimba kwao ng'ambo ya uzio, na fundi mmoja Mzungu akipuliza kinanda chake cha mdomo mlangoni, kila mtu na lake, na wengi wetu tulikuwa tukigombana nani apunguze sauti. Marehemu peke yake hakutaka yeyote apunguze, alichukua kigoda chake akakaa katikati, akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi, na ukimuuliza anasikiliza ipi kati ya hizo, alijibu kwamba anasikiliza zote, ni muziki mmoja huo, ila wenyewe hawajui kama wanaupiga pamoja.

Alifunga ndoa takatifu na Hilaria Joakimu tarehe 24 Januari 1976, binti wa hapa Dirma, mwimbaji wa sauti ya pili ambaye kwaya nzima ilikuwa ikimtegemea, wakajenga pembezoni mwa shamba, wakajaliwa watoto wanne, Letisia mwaka 1977, Pascal mwaka 1979, Felician mwaka 1982 na Justina mwaka 1986. Felician aliugua surua, akatutoka tarehe 2 Julai 1984, akiwa na miaka miwili, na tangu siku hiyo Hilaria hakulia, hakuimba, alikaa tu akiangalia ukuta, na kaka yetu alituambia baadaye kwamba aliogopa kuwazika wawili.

Kama mnavyofahamu, wazee wetu waliweka metimani, nyumba iliyopotewa na mtoto inakaa peke yake kwa miezi, haiendi kwa watu na watu hawaendi kwake, wala kitu hakitoki humo kikaingia nyumba nyingine, na ingawa sisi ni Wakristo, wengi tuliishika, Nicodemo katekista akiwa wa kwanza. Jumapili ya tarehe 19 Agosti 1984, marehemu na mkewe wakiwa uani, upepo uliwaletea kwaya ya kigangoni kutoka upande mmoja, nyimbo za akina mama wa Kidatoga waliokuwa na sherehe upande wa pili, redio ya Mzee Tomaso, na chini kabisa kombaini zikivuna, na kwa muda mfupi vyote vikaenda pamoja, mapigo mamoja, kana kwamba kuna aliyevipanga. Hilaria akainua kichwa, akamuuliza mumewe kama naye anasikia, halafu akalia, akalia kweli kweli, kwa mara ya kwanza tangu mtoto atutoke.

Wakati huo Nicodemo alikuwa akipita njiani na redio kaseti yake begani. Marehemu alikimbilia uzio, akamsihi amrushie redio ile upesi, ina kitufe cha kurekodi, asije akaipoteza sauti ile, na Nicodemo akakataa, kwa kuwa redio ingetakiwa kurudi nyumbani kwake, ambako alikuwa na mtoto mchanga, Angela. Basi kaka akamwomba asisogee, abonyeze kitufe akiwa pale pale barabarani. Nicodemo akakataa hilo nalo, akisema sauti za uani mle zikiingia kwenye redio yake atakuwa amebeba msiba kuupeleka kwake, akageuka akaondoka kwa haraka, na hapo upepo nao ukageuka. Angela huyu hapa, mzima, mama wa watoto wawili, na baba yake hajapata usingizi mzuri kwa habari hiyo kwa miaka kumi na mitano.

Metimani ilipokwisha, marehemu alinunua redio mbili, akaanza kuitafuta sauti ile, akiamini kabisa kwamba Hilaria akiisikia tena ataimba tena. Alirekodi kwaya, akarekodi injini ya kombaini, alikwenda Balangdalalu kuwaomba akina mama wa Kidatoga wamwimbie, wakamcheka sana wakidhani amekuja kuposa, kisha wakamwimbia, akazipiga zote kwa pamoja na kuzirekodi upya, muziki usio na jina, sisi tukauita makande ya Xavery, na ni kweli wengi tulimdhihaki. Kila kaseti alimwekea mkewe, akimuuliza kama ndiyo yenyewe, na Hilaria, mtu asiyejua kudanganya, alisikiliza mpaka mwisho na kujibu kwamba bado. Ukisikiliza baadhi ya kaseti hizo leo, na msomaji huyu amezisikiliza zote wiki hii, unaiona kambi nzima, unamsikia Mzee Tomaso akikohoa, unanusa hata vumbi la ngano, na unajiuliza sisi tulikuwa tunacheka nini.

Kelele za kombaini zilianza kuyaharibu masikio yake mwaka 1987, na alipostaafu mwaka 1996 alikuwa hasikii kabisa. Tarehe 1 Septemba mwaka huo alimaliza kaseti ya thelathini na moja, akaiweka, akamtazama mkewe usoni, na Hilaria akatikisa kichwa kukubali kwamba ndiyo hiyo, na marehemu akarusha kofia yake juu kama mtoto. Hakurekodi tena. Kila jioni aliiweka kaseti hiyo, mkono mmoja juu ya redio kuusikia mtetemo, mwingine mgongoni kwa mkewe.

Hilaria ameomba iandikwe, ili mumewe asizikwe na uongo wa mkewe, kwamba kaseti ile haina kitu, waya wa kurekodia ulikuwa umechomoka na marehemu, kwa kuwa hasikii, hakuweza kujua, ni mvumo mtupu pande zote mbili, na kwa kuwa alishindwa kuuvumilia ule utupu jioni baada ya jioni, alianza kuimba juu yake, sauti ya pili, polepole, kwa miaka mitatu. Marehemu aliusikia mtetemo ule kwa kiganja cha mgongoni, akamsifia kwamba kaseti hii kila siku inazidi kuwa nzuri.

Vumbi lilikuwa limemwingia kifuani muda mrefu. Alilazwa tarehe 12 Oktoba 1999, akafariki Jumanne tarehe 9 Novemba, saa kumi na mbili asubuhi, Hilaria akiwa amemshika. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Dirma kwa kuni, maji na kulala msibani, wenzake wa shamba la ngano waliochonga jeneza, na akina mama wa Balangdalalu waliotembea kwa miguu kuja kumwimbia bila kuombwa.

Hapa karatasi ya familia imeisha, na ninayosema sasa ni ya kwangu. Kaka, laiti ningebonyeza kile kitufe. Nisamehe, pumzika kwa amani.