Hezekiah Mithika Murithi, Aliyeuza Kila Nyumba Aliyoishi (1948–2019)

Tunayemzika leo, Mzee Hezekiah Mithika, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 huko Kibirichia, kifungua mimba wa marehemu Mzee Murithi na mama yetu Karwirwa. Mimi ninayesoma ni Kaberia, mdogo wake. Mama alisema hakuwahi kumwona akimaliza sahani ya viazi akiwa ameketi.

Alianza shule Kibirichia mwaka wa 1955, kisha akasoma sekondari mjini Meru hadi 1967. Bwenini alibadilishana kitanda na wenzake kila muhula, na kila mara alitoka na faida: kipande cha sabuni, au kopo la rangi ya viatu. Walimu walimwita msumbufu. Baba alimwita mfanyabiashara.

Mwaka wa 1969 aliajiriwa karani wa serikali mjini Embu, na kiti cha ofisi kikamchosha kwa miaka ishirini na mitano. Tarehe 7 Desemba 1974 alimwoa Mwalimu Nelius Rwamba wa Karurumo, na Mungu akawabariki na Ednah, Misheck na Njeru.

Serikali ilipotangaza kustaafu mapema kwa hiari mwaka wa 1994, alikuwa wa kwanza kutia sahihi. Wenzake walinunua pikapu kwa malipo yao. Yeye alisema pikapu huzeeka, ploti haizeeki. Lakini hata kwa pupa yake hakununua kwa macho. Kabla ya ploti ya kwanza, pale Majengo mjini Meru, alizunguka mtaa ule mwezi mzima akipiga gumzo na wachinjaji, akiuliza wapangaji maji hutoka siku gani na mwenye ploti ni nani hasa. Ndipo akaenda ofisi ya ardhi kuthibitisha hati. Alijenga vyumba vya kupangisha, na kodi yake ikajenga vingine Embu. Mwaka wa 2001 aliniuzia hata sehemu yake ya shamba la Baba, jambo lililoniudhi sana ingawa mnunuzi nilikuwa mimi.

Aliyeumizwa na biashara hiyo ni mkewe, Mama Ednah. Kila nyumba ya familia walihamia plasta ikiwa mbichi. Akishatundika mapazia na kupanda sukuma wiki, mnunuzi alitokea.

"Baba Ednah, hata hii umeuza? Na sukuma hata hatujakata!"

"Nelius, hii ni biashara. Tukikaa, pesa nayo imekaa."

Mara nyingine Mama Ednah alilia, na tulimwona. Alitaka nyumba moja tu isiyokuwa na bei. Mwaka wa 2012 marehemu alimjengea hiyo hapa Karurumo, kwenye robo eka, akaapa haitauzwa. Agosti mwaka huu tukasikia amepata mnunuzi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka wa 2017. Hata akisafishwa damu hospitalini aliwauliza manesi kiwanja kile nje ya dirisha ni cha nani. Mwezi uliopita madaktari walipotueleza ukweli, Mama Ednah alimwuliza mbele yetu angetaka kuzikwa wapi. Nilisema Kibirichia nafasi ipo, kando ya viazi. Mithika akasema popote ni sawa.

"Lakini si Karurumo. Ukizika mtu kwa ploti, nani atanunua? Utaharibu bei kabisa."

"Ndio maana nataka hapo," Mama Ednah akamjibu.

 Mithika akacheka hadi mashine ya kusafisha damu ikapiga kelele na nesi akaja mbio.

"Aki mwalimu, umenishinda," akasema. "Sawa. Misheck, pigia yule mtu simu. Mwambie haiuzwi."

Alituacha alfajiri ya Jumamosi, tarehe 2 Novemba 2019, mkewe akiwa kando yake. Tulimpenda, hata alipotuchosha.

Ameacha mjane wake, Nelius Rwamba, watoto Ednah, Misheck na Njeru, wajukuu saba, na mimi mdogo wake.

Mama Ednah, nyumba ni yako. Na wewe Mithika, ndugu yangu, tulia sasa, Mungu akupumzishe kwa amani.