Wasifu wa Mama Pua, Aliyepika Kima Bila Mfuniko

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Alikuwa mtoto wa tatu na binti pekee wa fundi viatu na mkewe. Wazazi wake walisimulia kwamba hata akiwa mchanga hakuwa mwepesi wa kuamini: kijiko kikimjia mdomoni, alikinusa kwanza, kisha akamtazama aliyekishika.

Alianza shule ya msingi mwaka 1957. Akiwa darasa la sita, mwalimu wa mapishi aliwaletea wanafunzi maziwa, akasema yamekamuliwa asubuhi ile. Marehemu alinyoosha mkono. "Mwalimu, haya yamelala." Mwalimu aliyaonja, akakunja uso, akayamwaga dirishani. Tangu siku hiyo darasa zima lilimwita Pua, na alipopata watoto jina likakua naye, akawa Mama Pua. Aliacha masomo mwishoni mwa mwaka 1964, macho ya baba yake yaliposhindwa kuona tundu la sindano.

Tarehe 3 Februari 1968 aliajiriwa kuosha vyombo katika hoteli ya vyakula vya Kihindi iliyotazamana na stesheni ya reli. Aliosha vyombo miaka miwili, huku jicho lake likiwa kwenye karai la Mpishi Mkuu, mzee wa Kihindi mwenye maneno machache. Siku aliyomsogeza jikoni, mzee huyo alimwambia, "Binti, usiiamini nyama iliyokwisha kusagwa. Huwezi kujua imeficha nini." Marehemu aliyashika maneno hayo maisha yake yote, na hakuyaachia kwenye nyama peke yake.

Alinunua nyama ikiwa pande zima, akaiosha na kuifuta ikauka, ndipo ikasagwa mbele ya macho yake. Baada ya kusagwa haikuguswa tena na maji. Alikaanga vitunguu, tangawizi na saumu mpaka navyo vikaacha kunuka ubichi, kisha akatia kima, yaani hiyo nyama iliyosagwa, kwenye moto mkali na kukivunjavunja kwa mwiko. Kima hutoa maji ya kijivu, na harufu yote ya nyama mbichi imo humo. Maji hayo yalipaswa kukauka kabisa karai likiwa wazi, mpaka sauti ya kutokota igeuke kuwa sauti ya kukaanga na mafuta yajitenge pembeni. Nyanya zilisubiri mpaka hapo. Zikiwahi, zinaufungia ubichi ndani. Chakula chenye iliki na karafuu nyingi mno alikishuku papo hapo. "Huyu hakuitoa harufu," alikuwa akisema. "Ameipaka manukato."

Muuza nyama wa bucha ya pembeni alimzoea. "Mama Pua, miaka yote hii unanichungulia mikono, na hujanikamata."

"Ndiyo maana sijaacha."

Katika hoteli hiyo ndipo alipokutana na fundi cherehani aliyekuja kula kila Jumatano na kusifu kila sahani. Marehemu hakuziamini sifa za mtu mwenye njaa. Jumatano moja ya mwaka 1972 alitia nyanya mapema makusudi, akampelekea sahani, akasimama nyuma ya pazia la jikoni. Fundi alikula vijiko viwili, akaweka kijiko chini, akamwita mhudumu. "Dada, leo kapika nani? Hii bado inanuka ubichi." Walifunga ndoa tarehe 9 Septemba mwaka huohuo, wakajaliwa watoto watatu. Fundi alitangulia mbele ya haki mwaka 2011, na kwa maelezo ya marehemu, hakuwahi kumdanganya ila kuhusu umri wake.

Desemba 1998 mwanawe wa kwanza alioa. Katika wiki yake ya kwanza, mkwe alipika kima na kukifunika. Marehemu alifunua, mvuke ukampiga usoni. "Mwanangu, harufu umeifungia humo. Itokee wapi?" Kuanzia siku hiyo mkwe alipika kila kitu isipokuwa kima. Marehemu hakuishia hapo: kila alipotoka nyumbani alitia mfuniko wa karai kwenye kapu lake, asije akarudi akakuta umetumika. Muuza nyama alimuuliza, "Leo umekuja na ngao, mama? Tunapigana na nani?" Marehemu hakucheka. Mfuniko huo ulisafiri hivyo zaidi ya miaka ishirini.

Julai 2020 aliugua homa kwa wiki mbili. Homa ilipoondoka, iliondoka na uwezo wake wa kunusa. Hakumwambia mtu. Aliendelea kupika kwa kusikiliza karai, lakini sasa alimwita yeyote aliyekuwa karibu na kumuuliza, "Imetoka?" Wote walijibu, "Imetoka, mama." Walijibu upesi mno, naye akaanza kuwashuku. Kama wanamwonea huruma, basi karai alilolishika nusu karne limebaki mikononi mwake kwa hisani tu, na hakuna wa kumwambia.

Jumapili, tarehe 17 Januari 2021, alirudia hila ya mwaka 1972. Alitia nyanya maji yakiwa bado yanatokota, akaandaa meza, akamkaribisha na muuza nyama. Kisha akauliza, mmoja baada ya mwingine.

"Tamu sana, mama," alisema mwanawe wa kwanza.

"Kama siku zote," alisema binti yake.

"Hujazeeka hata kidogo," alisema muuza nyama, akaomba kuongezewa.

Mkwe alikuwa ameisukuma sahani yake kando.

"Na wewe?"

"Inanuka ubichi, mama. Nyanya zimewahi." Mumewe alimkanyaga chini ya meza, yeye akahamisha mguu. "Na ninajua hunusi, tangu siku maziwa yalipoungua ukiwa umeyasimamia."

Marehemu aliinuka, akaingia jikoni, akarudi na mwiko mkono mmoja na mfuniko mkono wa pili.

"Siku ile ulifunika kwa nini?"

"Niliogopa mafuta yasije yakarukia ukuta wako. Ulikuwa umepakwa rangi juzi yake."

"Miaka yote hii hukusema?"

"Ungeniamini?"

Marehemu alimkabidhi mwiko. Mfuniko aliurudisha kwenye kapu, kwa sababu alikuwa amebadilika, lakini si kiasi hicho.

Agosti 2023 moyo ulianza kumchosha. Alilazwa siku kumi na moja, akamhoji daktari kuhusu kila kidonge, kisha akaomba kurudishwa nyumbani, kwenye chumba kinachopakana na jikoni. Jumatano, tarehe 11 Oktoba, mkwe alipika kima mlango ukiwa wazi. Kutoka kitandani ilisikika sauti ndogo: "Bado." Baada ya muda: "Bado." Kisha, "Sasa." Nyanya ya kwanza ilikuwa tayari inaingia kwenye karai. Mkwe alisubiri swali la siku zote, kama harufu imetoka. Halikuulizwa. Marehemu alifumba macho akalala, na kesho yake saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, alituaga.

Ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, kitukuu mmoja, na muuza nyama ambaye tangu Alhamisi anasaga nyama bila kuchunguliwa na anasema mikono haimtulii.

Baada ya mazishi kutakuwa na chakula. Mkwe yuko kwenye karai tangu asubuhi, na mfuniko umo ndani ya kapu la marehemu, mahali alipouacha. Mkwe atakapowauliza kama harufu imetoka, tunawaomba msimwonee huruma. Mwambieni kweli, ili mama yetu alale bila shaka yoyote moyoni.